Kucha ya Nta

"Mama, hii kucha ya nani?"

Kitinda mimba wangu alikuwa amepakata chuo cha sala cha bibi, kile chenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa gunia, na mkononi ameshika kikaratasi nilichokikunja mwenyewe miaka 16 iliyopita. Ndani yake mlikuwa na kitu chembamba, rangi ya chai ya maziwa, kimepinda kidogo. Kweli kinafanana na kucha. Nikamwambia ni nta. Nta ya nini? Nikamwambia akaoge.

Ni nta ya Paris. Mwaka wangu wa pili, majira ya baridi, nilikuwa huko mafunzoni. Karakana ya kukarabati vitabu ilikuwa ghorofa ya juu kabisa: akina mama watatu wenye makoti meupe, na mimi. Asubuhi moja Madame, mkuu wa karakana, aliniwekea mezani kitabu kidogo cha kuenea kiganjani, akasema ni cha Saint-Esprit. Nikafurahi kama niliyekutana na jirani ugenini. Roho Mtakatifu! Si ndio hao mapadre wa Kifaransa waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, alikobatizwa bibi yangu?

Madame alicheka mpaka akavua miwani. Shirika la mapadre wale lilianzishwa hapohapo Paris, lakini mwaka 1703. Hawa wa kitabu walikuwa makabaila wa upanga na farasi, wasiozidi 100, walioundiwa shirika lao na mfalme Henri III siku ya mwisho ya mwaka 1578. Mfalme huyo alichaguliwa kutawala Poland wakati wa Pentekoste ya 1573. Pentekoste iliyofuata kaka yake akafariki, akamwachia na Ufaransa. Mtu aliyepewa falme mbili kwa sikukuu moja, huwezi kumshangaa akimshukuru Roho Mtakatifu. Tena Wakatoliki na Waprotestanti wa nchi ile walikuwa wakichinjana, naye alihitaji wakubwa wa kumfunga kwake kwa kiapo, kwa utepe wa buluu na kwa msalaba wenye njiwa anayeshuka kichwa chini.

Kanuni zao zilimtaka kila mmoja asali kila siku: rozari ya punje kumi, kisha sala za Roho Mtakatifu, au badala yake Zaburi saba za toba pamoja na litania. Na aliyeshindwa? Atoe sadaka kwa maskini. Bibi angeuita huo mlango wa uani.

Mtambo wa kuchapa ulishafika Paris tangu 1470, lakini kitabu hiki kiliandikwa kwa mkono, kila herufi. Kurasa zilikuwa ngozi ya ndama. Ngozi hiyo haitengenezwi kama ya viatu. Hutiwa chokaa, huparwa nywele, kisha huwambwa kama ya ngoma mpaka ikauke, na ukipitisha kidole unajua upi ni upande wa manyoya na upi wa nyama. Dhahabu ilisagwa unga, ikachanganywa na utomvu wa mgunga. Wachoraji walikuwa wakiihifadhi kwenye ganda la kome. Njiwa alikuwa mweupe, na ndimi za moto zimemzunguka, kila ulimi hauzidi punje ya mchele.

Na kilikuwa safi mno. Hicho ndicho kilichonikwaza. Kona za chini hazikuwa na weusi wa vidole hata kidogo. Chuo cha bibi hufunguka chenyewe kwenye Litania ya Bikira Maria, na kurasa zake pale zimekuwa rangi ya andazi. Nikajisemea, huyu bwana alikuwa mtoa sadaka.

Isipokuwa ukurasa mmoja. Kwenye zile Zaburi za toba, palepale penye "unirehemu", paliangukia tone la nta.

"Toa," alisema Madame. Lilikuwa likimsugua njiwa wa ukurasa wa pili.

Moto hautumiki, kwa sababu nta ikiyeyuka huzama kwenye ngozi, na ngozi ikipata joto hujikunyata. Ni kisu kidogo cha daktari, hadubini, na subira. Niliinama. Nilipopumua, ukurasa uliinuka. Ngozi ile hunywa unyevu, nami pumzi yangu ilikuwa juu yake, basi ikajikunja taratibu kunielekea mdomoni, kama jani. Nikaziba pumzi, ikalala. Nikapumua, ikainuka tena. Sijui tulikaa hivyo muda gani, mimi na ndama yule wa zamani. Kisha nta ikabanduka kwa mlio mdogo sana, tik, na chini yake ngozi imelowa mafuta ikawa ya kupitisha mwanga, kiasi kwamba herufi za upande wa pili zilionekana zimegeuka, zikipita katikati ya "unirehemu".

Utaratibu ni kwamba kila kinachotolewa huingia kwenye bahasha, bahasha kwenye faili. Bahasha yangu iliingia kwenye faili ikiwa na chembe mbili tatu. Wiki ile nilipigiwa simu ya habari mbaya kutoka nyumbani, na nauli ya kurudi ilinishinda. Sitoi udhuru. Naeleza tu ilikuwa wiki gani.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba yule kabaila aliamka usiku mmoja hana mahali pa kuficha uso, akawasha mshumaa, mkono ukatetemeka. Madame, alipokuwa akifunga karakana jioni ile, alisema laweza kuwa tone la dalali wa vitabu, aliyekuwa akihesabu kurasa gizani ili ajue auze bei gani.

Mwaka juzi nilikipeleka posta kile kipande cha nta, nikirudishe. Nilinunua bahasha, nikaandika anwani. Dada wa dirishani akanipa fomu ya forodha: yaliyomo ni nini, na thamani yake kiasi gani. Nikaomba kalamu. Nilisimama pale nimeishika mpaka mtu wa nyuma yangu akakohoa, nikampisha.