Kila ujumbe wake ulianza na "Upo?"

Nina rafiki wa miaka 14. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiona jina lake kwenye simu nafurahi. Miaka miwili iliyopita furaha ile ikanitoka. Ujumbe wake ulikuwa neno moja tu: "Upo?" Hana salamu, haulizi nimeamkaje. Nikijibu nipo, yanafuata yake: barua ya maombi ya kazi nimsomee kabla hajaituma, mtoto nikae naye hadi jioni, hela kidogo ya kusogeza mwezi, au nimpigie fulani simu kwa sababu mimi ndiye "najua kuongea na watu". Ikafika mahali nikiliona neno lile tumbo linakaza, nailaza simu kifudifudi mezani.

Leo bado ni rafiki yangu, tena wa karibu kuliko zamani. Nayaandika haya kwa sababu ushauri niliopewa wakati ule, karibu wote, ulikuwa mbaya, na najua kuna mtu sasa hivi anapewa ushauri uleule.

Kilichonivunja ni siku niliyohama nyumba. Jumanne nilimwambia, "Jumamosi nahama." Akanijibu, "Mungu akutangulie, mwenzangu." Jumamosi nikabeba vitu na mdogo wangu pamoja na jirani ambaye hata jina lake sikuwa nimelishika. Saa moja usiku nimekaa juu ya godoro ambalo bado limefungwa kamba, vidole vimechubuka, hata taa sijapata pa kuiwasha. Simu ikaingia ujumbe. "Upo?" Alikuwa na barua anataka niipitie usiku uleule.

Niliipitia. Nikasahihisha, nikamrudishia, akashukuru, nikaandika "usijali". Halafu nikalia mpaka mdogo wangu akaja kuniuliza kama nimeumia mgongo.

Wa kwanza kunishauri ni mtu mzima ninayemheshimu sana. Alisema, "Kaa kimya, atajijua mwenyewe. Fadhila za punda ni mateke." Nikakaa kimya wiki sita. Kumnunia mtu ni kazi nzito kuliko kumsaidia. Nilikuwa napika huku namjibu kichwani, nalala namjibu, naamka nimepata jibu kali zaidi ya la jana. Nilikuwa nasubiri aje aseme, "Nimegundua nimekuwa nakutumia, nisamehe." Kumbe yeye alidhani naumwa. Alimpigia mdogo wangu mara tatu kuuliza kama nimepata habari mbaya hospitali nikawaficha. Nilipopokea simu hatimaye, sauti yake ilikuwa inatetemeka. Hakuwa na habari hata kidogo kuhusu ile Jumamosi. Kimya changu kilimwambia kila kitu isipokuwa kile nilichotaka akisikie. Kwa hiyo ukishauriwa umnunie rafiki yako ili ajue kosa lake, kataa. Hatalijua.

Wa pili akaniambia niandike, nami hilo nililipenda. Nikachukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto nilichompa, kulia alichonipa. Nilikaa nalo jioni mbili nzima. Upande wangu ukafika mambo 23, wake manne. Kwenye hela niliweka makadirio tu, maana sikuwa na kumbukumbu kamili, ila ukiyajumlisha yote yalikaribia mshahara wangu wa mwezi mmoja. Nilikuwa nimeshapanga siku ya kulifungua daftari lile mbele yake.

Mdogo wangu akaliangalia, akauliza swali moja: "Na yeye akipewa kalamu, atapata mangapi?"

Nilikasirika, lakini swali likakataa kutoka. Nikatafuta kama kuna waliowahi kulichunguza, nikakuta lina jibu tangu mwaka 1979. Watafiti wawili, Michael Ross na Fiore Sicoly, waliwauliza wanandoa, mume peke yake na mke peke yake, kila mmoja anabeba sehemu gani ya kazi za nyumbani na maisha yao ya pamoja. Kwa wengi wao, ukijumlisha sehemu ya mume na ya mke, unapata zaidi ya kazi yote iliyokuwepo. Si lazima mtu awe mwongo. Ulichokifanya wewe unakikumbuka mwanzo hadi mwisho, pamoja na uchovu wake. Alichokifanya mwenzako ulikiona kipande, au hukukiona kabisa. Nikalitazama daftari langu, nikaona limeandikwa na shahidi mmoja tu wa kesi, tena ni mlalamikaji.

Hapo ndipo nikapata wazo ambalo hadi leo najivunia. Nilimwita, tukakaa, nikampa karatasi na mimi nikachukua yangu. Nikamwambia kwa uwazi kwamba kuna jambo limeniuma na sitaki tugombane. Kisha nikaweka sharti: tusiandike tulichotoa. Kila mtu aandike alichopokea kutoka kwa mwenzake kwa mwaka mzima. Nusu saa, bila kuchunguliana.

Ukimwambia mtu aandike alichopokea, hana nafasi ya kujisifu, na hawezi kujitetea kwa sababu hajashtakiwa. Anabaki kukumbuka. Yeye alianza kuandika papo hapo. Alijaza upande mmoja, akageuza karatasi. Mimi nilikaa na kalamu hewani dakika tano nzima nikiwa na yale manne tu. Halafu la tano likaja: baba yangu alipofariki, nani aliyekuwa anapokea simu yangu na kuwajibu watu wakati mimi siwezi kusema? Ni yeye, siku tatu. La sita: mama yangu hupigiwa simu kila Jumapili na mtu anayemchekesha, na mtu huyo si mimi. Nilikuwa nalijua hilo, mama hunisimulia, lakini sikuwahi kulihesabu kwa sababu halikuwa likipita mikononi mwangu. Nilifika kumi na moja.

Tukabadilishana karatasi. Kwenye yake aliandika mambo ambayo mimi sikujua kama ni msaada. Kuna siku nilimwambia nguo fulani imempendeza asubuhi ya usaili, lile aliliweka la pili. Barua alizitaja moja moja. Mtoto alimtaja. Jumla yake ilizidi hata ile ya daftari langu.

Hela hakuitaja popote.

Sikulinyamazia, na nawaomba na ninyi msilinyamazie. Nikamuuliza. Akanitazama kwa mshangao ambao haukuwa wa kuigiza: "Ile si ulinipa? Nilikuuliza nirudishe lini, ukasema usijali." Na kweli nilisema. Nilirudi baadaye kwenye ujumbe wetu wa zamani nikakuta "usijali" zangu zimejipanga, moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa namaanisha "usijali kwa sasa, utanirudishia hali ikikaa vizuri". Yeye alilipokea neno kama lilivyo.

Ile Jumamosi nayo ilikuwa na sura hiyohiyo. Nilisema "Jumamosi nahama". Sikusema "njoo saa mbili tubebe vitu". Yeye alisikia habari, akaniombea heri kama mtu anavyofanya akipewa habari. Nilimuuliza kwa nini hakujitolea, akasema mimi siku zote huonekana nina watu na mipango yangu, na mara mbili alizowahi kujitolea nilimkatalia. Nikakumbuka zote mbili. Nilimkatalia kwa sababu sikutaka kuwa mzigo kwa mtu.

Hofu hiyo ya kuomba wengi tunayo, nami sasa naipiga vita waziwazi. Mwaka 2008 Francis Flynn na Vanessa Lake walichapisha majaribio yao, ambapo watu walitakiwa kuwaomba wapita njia wajaze dodoso, mpaka wapatikane watano. Kabla ya kwenda, walikisia watalazimika kuwaomba watu kama 20. Iliwatosha kuwaomba kama 10. Hao ni wageni kabisa, hawajuani. Mimi nilikuwa namwogopa rafiki wa miaka 14.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mambo machache. Nikihitaji kitu nasema kitu, siku na saa. Mara ya kwanza nilimwomba akae na mama yangu Alhamisi moja kutoka saa tatu hadi saa nane, na mikono ilikuwa inatoka jasho nikiandika. Alijibu kabla sijaweka simu chini. Hela nikitoa, natamka: hii nakupa, au hii nakukopesha hadi mwezi fulani. Neno "usijali" nimelifuta kabisa kwenye mambo ya hela.

Kukataa ndiko kulikonichukua muda. Nilikuwa natoa sababu tatu, naye anazitatua zote tatu. Nikisema sina nafasi ya kuja, anasema atakuja yeye. Nikisema nimechoka, anasema hata kesho asubuhi. Hakuwa ananilazimisha, alikuwa ananisaidia kutatua kikwazo nilichomwonyesha. Sasa nasema "hii sitaweza" na naishia hapo. Na kama sina hakika, nasema nitamjibu jioni, kisha jioni namjibu kweli.

Nikimweleza mtu haya huniuliza kama sasa tuko sawasawa. Hatuko. Bado barua ninazosoma mimi ni nyingi kuliko vitu anavyobeba yeye, na nadhani itabaki hivyo, kwa sababu mimi naandika vizuri na yeye ana kazi isiyotabirika. Lile lililokuwa linaniuma, la kutoa huku nimefunga mdomo, limekwisha. Deni tulikubaliana alilipe kidogo kidogo, na amefikia zaidi ya nusu.

Ujumbe wake nao umebadilika bila mimi kumwambia. Siku hizi anaandika, "Nina barua, kurasa mbili, inatakiwa Ijumaa. Utaweza?" Ya juzi nilimwambia sitaweza. Akasema sawa, akamtafuta mtu mwingine. Kesho yake Jumapili alinipigia akitoka kuongea na mama, akaniambia mama anakohoa lakini anaficha, niende nikamwone.