Ya kulia mbona kama feki

Wiki hii wifi kajifungua, kazini nimehamishwa kitengo, na bado kinachonitoa usingizini saa nane za usiku ni maneno ya yule mzee wa redio.

Mnamkumbuka, mwenye redio ya mbao ya nobu mbili, yaani vile vishikio vya kuzungusha, ya kushoto ikapotea akaniomba nimtengenezee nyingine inayofanana na ya kulia. Jumamosi alikuja kuichukua. Akavaa miwani, akazungusha ya kushoto, akazungusha ya kulia, akarudi tena kushoto, mimi hapo nimebana pumzi kama mtoto anayesubiri matokeo. Akasema, "Binti, hii ya kushoto umeipatia kabisa. Ila ya kulia mbona kama feki?"

Ya kulia ndiyo ya kiwandani jamani.

Na mimi badala ya kumwambia nikajibu, "Samahani mzee, nitairekebisha." Nitairekebisha! Akaniachia redio akaondoka zake, na tangu siku hiyo nikiosha vyombo, nikiwa kwenye foleni, narudia tu lile jibu langu.

Kinachouma ni kwamba hajui ile ya kushoto imenila kiasi gani. Moldi ya kwanza, yaani kalibu ya kumiminia, niliiharibu mwenyewe, nilizungushia udongo wa kufinyangia wenye salfa, na silikoni ya platinamu, ule mpira wa maji ninaotengenezea moldi, ikikutana na salfa haigandi, ikabaki inanata kama gundi ya panya. Resini nayo, ile plastiki ya maji ya kumimina kwenye moldi, ukishachanganya sehemu zake mbili, A na B, una dakika mbili tatu tu ianze kupata moto na kuganda, bila kuiweka kwenye chungu cha presha unatoa kitu kina matundu kama sponji. Rangi ndiyo usiseme, kahawia na tone la nyeusi, nilirudia mara saba. Tundu la shafti milimita 6.35, nilichomeka kipande cha chuma nilichokipaka grisi na bado kiligoma kutoka.

Jana usiku nikachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo, kwa hasira tu, nikazipima zote mbili. Ya kulia ndogo karibu milimita nzima, na imepinda kidogo ukingoni. Nikaanza kucheka peke yangu. Watu huita kila plastiki ya zamani bakelaiti, lakini hii ni Tenite, plastiki ya aina nyingine, na Tenite inanywea na kupinda jinsi miaka inavyokwenda. Mimi mwenyewe niliinenepesha nakala ya kwanza ya ile ya kulia kwa puti, ile ya kuzibia, kabla ya kuitengenezea moldi ya mwisho, nikapiga msasa mpaka mistari ikarudi, maana ukinakili kilichonywea unapata kilichonywea. Sasa mzee ambaye amekuwa akiishika hiyo redio tangu utotoni, vidole vyake vilikuwa vinakumbuka ipi? Labda hakukosea sana.

Ila ya kulia siigusi. Siipigi polishi, siipaki kitu. Ya kushoto nimeichonga kwa ndani neno NAKALA na mwaka, kwa ncha ya sindano, asije mtu kesho akaiuza kama ya kiwandani kwa jina langu. Kumpigia mzee bado, nimeshika simu mara mbili nikaiweka, sijui nianzie wapi, "shikamoo mzee, ile feki siyo feki"?

Halafu paka hajarudi tangu jana asubuhi, kisahani chake kiko vile vile.