Msesewe ndo ulionipa kazi

Jana nimepita soko la Mbuyuni kutafuta maharage, nikakuta mama mmoja kamwaga unga wa msesewe kwenye sinia (lile gome chungu la kutia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi), ile harufu ikanipanda puani nikasimama katikati ya njia mpaka mtu wa mkokoteni akanifokea. Nyie wa siku nyingi mnaijua ile posti ya bibi yangu na mbege, kwenye blogu yangu ya zamani. Watu wakiniuliza ilikuwaje nikaanza kulipwa kwa kuandika huwa najibu bahati tu, afu nabadilisha mada.

Enzi hizo blogu za Kiswahili ndo habari ya mjini. Ndesanjo Macha alishafungua njia na Jikomboe yake, Michuzi kaanza 2005 na mapicha yake, na mimi huku Moshi nina Blogspot yangu ya bure, naandika usiku nikitoka kazini. Nilikuwa najikamua kuandika mambo mazito, bei ya kahawa, KNCU (chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro) ya 1933, wakulima waliojiunga hata kabla ya hapo, tangu 1925, posti ndeeefu ambazo msomaji wake labda binamu yangu wa Pasua. Ya mbege niliiandika siku ambayo sikuwa na cha kuandika.

Miezi ikapita, ikaja imeli. Mhariri, anapita Moshi, anaomba tuonane kwenye mgahawa wa kahawa pale jengo la KNCU. Nikavaa shati la harusini.

Kufika, shikamoo mama, marahaba kaa, na mezani kaweka karatasi. Posti yangu, kaiprinti! Sikuwahi kuyaona maneno yangu kwenye karatasi, yalionekana machache, halafu yamechorwachorwa na biki nyekundu, nikajua leo nimeitwa kusahihishwa. Aya nzima ya historia, ile niliyokuwa najivunia, kaipitishia mstari mmoja tu, kwisha. Alichozungushia duara ni kasentensi nilikokatupia kwenye mabano, kwamba bibi akishachanganya maji ya ndizi na uji wa ulezi alikuwa anachovya kidole kidogo, anaonja, anatema pembeni, afu anaongeza msesewe kwa kukisia, na ukimuuliza kiasi gani anakwambia "mpaka ulimi ukatae kidogo". Akakasoma kwa sauti. Mhudumu aliyekuwa anaweka vikombe akacheka, akasema hata kwetu ndo hivyo, ila bibi yake yeye alikuwa anaonjesha watoto, mtoto akikunja uso basi imekolea. Yule mama akayaandika maneno ya mhudumu pale pale pembeni ya karatasi yangu, hata kichwa hakuinua. Ndo akanigeukia, "Mwanangu, nataka maneno 1,200. Hicho kidole tu. Uchumi waachie wachumi."

Basi. Nikaandika, ikatoka, nikalipwa laki na nusu, nikamnunulia bibi kitenge naye akauliza nimelipwa kwa kusema yeye anatema mate au kwa nini hasa. Waliosoma wakanitafuta, nikaandika vipindi vya redio, nikaandika kijitabu cha wakulima kuhusu kuanika kahawa (uchumi ukarudi kwa mlango wa nyuma), nikapata na tafsiri. Hakuna hata mmoja aliyeniomba cheti. Wote walisema nitumie linki, nisome kwanza.

Kichekesho ni kwamba linki yenyewe haipo tena. 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa leseni, ada yake milioni moja, na blogu yangu haijawahi kuniingizia hata hela ya bando. Nikaifunga. Kazi zimeendelea, nashukuru Mungu, ila zile posti za kuandika kwa kukosa cha kuandika sina pa kuziweka, na nikiwa mkweli siku hizi hata haziji, kila nikikaa najikuta nahesabu maneno na kutafuta kidole kiko wapi.

Yule mhariri alinipigia tena baadae, anataka kitu kama kile. Nikamtumia ya mifongo ya Uru, ile mifereji ya maji ya mashambani, nimezunguka nayo kweli kweli, nimeongea na wazee wanaogawa zamu za maji, nimelowa mpaka magoti. Akajibu: nzuri sana, ila hapa bibi ni nani?