Bosi anajikuna tena: aleji za mbwa na washauri wasioisha

Ukiwa na mbwa anayejikuna ndo utajua dunia ina madaktari wengi kiasi gani. Kila unayekutana naye ana dawa. Huyu anakwambia paka mafuta ya nazi, yule anasema siki, mwingine anakutumia picha ya kidonge alichopewa mbwa wake, eti nunua hiki hiki, wangu alipona siku hiyo hiyo. Na wanasema kwa nia njema kabisa, hilo sibishi. Ila mi nimeshajiwekea sheria: mwenye mbwa mwenzangu namsikiliza kwenye kila kitu isipokuwa jina la dawa.

Manake kujikuna ni dalili tu. Mbwa wawili wanaweza kujikuna mpaka manyoya yanatoka, ukiwaangalia wanafanana kabisa, kumbe mmoja shida yake ni viroboto na mwingine mwili wake unagombana na nyama ya kuku, na wa tatu hana hata aleji, ana upele. Alafu kuna hili la steroidi kama prednisoloni, zile zinatuliza muwasho wa karibu chochote kile, kwahiyo mtu akisema "kilimponya" mara nyingi kilimnyamazisha tu kwa wiki kadhaa na mpaka leo hajui mbwa wake alikuwa anaumwa nini. Siku hizi mtu akinitajia dawa namuuliza walijuaje ni hicho. Wengi wanabaki wananiangalia.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote nilipewa na mama mmoja ambaye mbwa wake mzee ana historia ndefu ya ngozi. Nilikuwa namlalamikia kwamba mbwa wangu Bosi halali usiku na sisi hatulali, akanikatisha katikati, "Ngoja kwanza, anajikuna wapi?" Nikamwambia kila mahali. "Hapana mwanangu, hakuna kila mahali. Nenda kakae naye umwangalie."

Na kweli mahali panasema mengi. Mbwa anayejing'ata mgongoni karibu na mkia na nyuma ya mapaja, kwanza kabisa fikiria viroboto. Anayelamba nyayo, anayesugua uso kwenye mkeka, mwenye masikio yanayorudia rudia kuuma, kwapa na tumbo jekundu, hapo unaanza kufikiria aleji ya vitu vya kwenye mazingira au ya chakula, na hizo mbili kwa macho tu huwezi kuzitofautisha, hata daktari hawezi. Ncha za masikio na viwiko vikiwa na magamba, anajikuna kama kachanganyikiwa, na nyinyi wenyewe nyumbani mmeanza kuwashwa mikononi na tumboni, huo unaweza kuwa upele wa utitiri, vile vidudu vidogo mno vya kwenye ngozi, unaambukiza, muone daktari haraka kabla nyumba nzima haijaanza kujikuna.

Viroboto tuanze nao maana ndo watu wanabisha sana. "Wangu hana viroboto, sijawahi kumuona hata mmoja." Sasa sikiliza, kinachomsumbua mbwa mwenye aleji ni mate ya kiroboto, na kwa mbwa wa hivyo kuumwa mara chache tu kunatosha kumwasha siku nyingi, alafu mwenyewe anajilamba na kujing'ata kutwa kwahiyo hata hao wachache anawameza, utawaona wapi? Jaribu hivi. Msimamishe kwenye shuka jeupe, mchane na kitana chenye meno yaliyobanana, hasa pale kwenye shina la mkia. Kitadondoka kivumbi cheusi kama kipo. Kiokote ukiweke kwenye tishu nyeupe iliyolowa maji, usikisugue, kiache kidogo. Kikibaki cheusi ni mchanga na uchafu wa kawaida. Kikianza kuachia rangi ya kutu inayosambaa taratibu kwenye tishu, hiyo ni damu, ni kinyesi cha kiroboto aliyemnyonya mbwa wako, na ubishi umeisha.

Na ukishajua wapo usimtibu mbwa peke yake. Viroboto wakubwa unaowaona ni wachache sana, mayai na watoto wao wako kwenye zulia, kwenye kitanda chake, chini ya makochi, na wakiwa kwenye kifuko chao wanaweza kukaa miezi wakisubiri. Wanyama wote wa nyumbani wanapewa dawa kwa wakati mmoja, matandiko yanafuliwa kwa maji ya moto, unafagia na kufyonza vumbi kila kona. Ila paka apewe dawa ya paka jamani. Kuna dawa za mbwa zina permethrini, sumu ya wadudu, ndani yake na ile inaua paka, sio kumuumiza, kumuua kabisa.

Bosi yeye hakuwa na rangi ya kutu kwenye tishu. Yeye ni nyayo. Ukimshika mguu wa mbele ukatenganisha vidole unakuta ngozi ya katikati ni nyekundu na imeloa, manyoya ambayo kwa asili ni meupe yamegeuka kahawia kwa sababu ya mate, na harufu inatoka kama mkate uliochacha. Hiyo harufu ni fangasi, wale ambao kwa kawaida wanaishi tu kwenye ngozi ya mbwa bila shida, ila ngozi ikishachoshwa na kulambwa wanapata nafasi ya kuzaliana, na bakteria nao wanaingia humo humo. Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa na dawa ya aleji, wanasema haifanyi kazi, kumbe mbwa ana mambo mawili, aleji chini na maambukizi juu, na yale maambukizi yenyewe yanawasha. Lazima yatibiwe. Daktari alichukua kipande cha selotepu akakibandika katikati ya vidole, akaenda nacho kwenye hadubini, basi, kipimo kimeisha. Tukapewa shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na maelekezo ambayo kila mtu anayapuuza: povu likae dakika 10 kabla ya kusuuza. Dakika 10 na mbwa aliyeloa bafuni ni muda mrefu, mtanisamehe.

Na siki usimpake mahali penye kidonda. Huwa najiuliza wanaoishauri wamewahi kuiweka kwenye mkono wao uliochubuka.

Haya, chakula. Kila mtu akiona mbwa anajikuna anasema badilisha chakula, na watu wanabadilisha kweli, mfuko huu wiki mbili, mfuko ule wiki tatu, mwisho wa siku mbwa ameonja kila protini duniani na hakuna kilichojulikana. Pia hayo maandishi ya "bila nafaka" kwenye mifuko yasikuvutie sana, kwa mbwa wengi wenye aleji ya chakula tatizo linatoka kwenye nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku, na ngano pia ipo lakini sio peke yake. Na vile vipimo vya kutuma unywele au mate vikurudishie orodha ndefu ya vyakula, haviaminiki, usipoteze hela yako.

Njia inayoaminika ni moja na inachosha. Mbwa anapewa chakula chenye protini ambayo hajawahi kula maishani mwake, au kile maalum ambacho protini yake imekatwakatwa vipande vidogo mno kiasi kwamba kinga ya mwili haiitambui, kwa angalau wiki 8, na katika muda huo hali kitu kingine chochote. Chochote! Sio biskuti iliyodondoshwa na mtoto, sio kulamba sahani, sio mabaki ya paka. Hata vidonge vya minyoo vile vya kutafuna vyenye ladha ya nyama vinaharibu, hata dawa ya meno ya mbwa yenye ladha. Muwasho ukipungua bado hujamaliza, unamrudishia chakula cha zamani makusudi uone, na kama ni chakula kweli mara nyingi atalipuka tena ndani ya wiki mbili. Hapo ndo watu wanagoma. Mbwa ametulia, unaniambia nimwashe tena? Ndiyo, maana bila hivyo hujui kama ni chakula au ni msimu umebadilika tu.

Kwenye hizo wiki ndo nilijua faida ya kuwa na watu wa mbwa karibu. Kuna mzee tunatembea naye jioni, mfukoni hakosi kitu cha kuwapa mbwa na mbwa wote wanalijua hilo, ukimkataza anaona kama unamnyima raha. Basi nikampa kikopo cha punje za Bosi mwenyewe, akawa anampa hizo hizo, Bosi hakuona tofauti na mzee hakuona tofauti. Dada mwingine ambaye alishapitia jaribio hilo na mbwa wake alikuwa ananitumia ujumbe kila Jumapili, "haya, namba?" Namba ni alama ya muwasho, 0 hajikuni kabisa, 10 hawezi kula wala kulala kwa kujikuna. Unaandika kila wiki kwenye daftari pamoja na picha ya sehemu ile ile kwenye mwanga ule ule. Inaonekana kitu kidogo ila kichwa kinadanganya sana, ukiwa umechoka kila siku unaona ni mbaya kuliko jana, daftari linakuonyesha kwamba alikuwa 8 sasa yuko 5. Na daktari anapenda daftari kuliko hadithi.

Bosi alirudishiwa chakula cha zamani na hakikubadilika kitu, kwahiyo chakula tukakifuta. Kilichobaki kinaitwa atopi, aleji ya vitu kama utitiri wa vumbi la ndani, chavua, ukungu, mara nyingi huanza mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 3 na inarithiwa kwenye ukoo, wazazi wakiwa nayo mara nyingi watoto nao. Haiponi. Inatulizwa maisha yote, na mwenzako mwenye mbwa wa hivyo ndo mtu pekee ambaye hatakuuliza "bado tu hajapona?"

Dawa zipo, zile ambazo daktari anachagua sio mimi. Steroidi ni za haraka ila zinamfanya anywe maji na kukojoa sana na njaa haiishi, na ukishampa kwa muda huzikatishi ghafla, na hazichanganywi na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni. Kuna oklasitinibu ambayo wengi wanaijua kama Apoquel, ya mbwa waliotimiza mwaka. Kuna sindano ya Cytopoint ya kila wiki 4 mpaka 8. Kuna siklosporini ambayo inataka wiki kadhaa kabla hujaona kitu. Na kuna tiba ya kumzoesha mbwa taratibu na kile kinachomwasha, hiyo unaipa mpaka mwaka mzima ndo uihukumu. Dawa za aleji za binadamu zinasaidia kidogo sana na baadhi zimechanganywa na dawa ya mafua inayoweza kumuua mbwa, kwahiyo kabati lako la dawa liache lilivyo.

Kitu kingine ambacho wenzangu wamenisaidia, na hiki ni cha mikono, ni dawa ya sikio. Mtu mmoja hawezi. Mmoja anashika kidevu na kuongea upuuzi kwa sauti tamu, mwingine anavuta sikio juu, anaweka matone, anakanda chini ya sikio mpaka isikike ile chwa chwa, alafu wote mnaruka pembeni kabla hajatikisa kichwa. Ila dawa ya sikio ya mbwa wa mwenzako usiiazime hata kama chupa imebaki nusu, ngoma ya sikio ikiwa imetoboka baadhi ya hizo dawa zinaweza kumwacha kiziwi, na kutoboka huko huoni kwa macho.

Na mbwa aliyefikisha miaka 8 au 9 bila shida ya ngozi akaanza ghafla, usimpe jina la aleji upesi. Wazee wanaweza kuwa na matatizo ya homoni yanayoshusha kinga na ngozi ndo inapiga kelele ya kwanza. Damu ipimwe.

Mwisho kuna wakati wa kutomuuliza mtu yeyote. Mbwa ameumwa na nyuki au amechomwa sindano sasa hivi, uso unavimba, hapo piga simu kwa daktari. Akianza kutapika, kuharisha, miguu inalegea, fizi zimepauka, anapumua kwa shida, usipige picha utuulize tunaonaje. Mbebe uende.