Nembo Inayong'aa, Rada Isiyoona

Bajaji iliniparua bampa la mbele pale Mwenge, Dar es Salaam, nikalipeleka gari gereji likapigwe rangi. Siku ya kulichukua nilikuta kazi safi kabisa: rangi imeshika, bampa limekaa sawa, na nembo ya mbele imebadilishwa na kuwekwa mpya ya kromu iliyong'aa kuliko ile ya awali. Kabla sijafika Morocco, taa ya njano ya mfumo wa kuzuia mgongano ilikuwa imeshawaka kwenye dashibodi, na maandishi ya Kijapani yakajitokeza chini yake. Nilipompigia fundi alinijibu kwa upole, "Dada, hiyo isikusumbue. Lete tu gari, tunaizima."

Jibu hilo hutolewa katika gereji nyingi mjini, na wateja wengi hulipokea kwa shukrani, ndiyo maana nimeona nilieleze jambo hili kwa kirefu. Kwa maoni yangu, katika magari yetu haya yanayoletwa yametumika kutoka Japani, taa za tahadhari zinazosema uongo ni chache kuliko taa za kweli zilizonyamazishwa.

Katika magari mengi ya Toyota yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 2010, rada inayopima umbali wa kitu kilicho mbele hufichwa nyuma ya nembo ya katikati ya grili. Ukiisogelea nembo ya namna hiyo na kuipitisha kidole, utaona kwamba ni bapa na laini, alama yake imo ndani ya plastiki, na kidole hakikwami popote. Imeundwa hivyo makusudi, kwa kuwa rada hiyo hutumia mawimbi ya masafa ya gigahezi 77 hivi, yenye urefu wa takriban milimita 4, ambayo hupenya plastiki iliyotengenezwa kwa vipimo vyake lakini hurudishwa nyuma na metali. Nembo ya bei nafuu ina mabonde na miinuko iliyopakwa kromu, na ikiwekwa mbele ya rada huiziba. Kompyuta ikitambua kwamba haioni barabara hujitoa kazini na kuwasha taa ya njano ili dereva ajue kwamba msaada ule haupo. Taa yangu, kwa hiyo, ilikuwa ikisema kweli.

Nilirudi kuidai nembo yangu. Ilipatikana ndani ya kopo la bolti, ikapanguswa, ikarudishwa mahali pake, nasi tukatoka kulijaribu gari. Taa ikazimika yenyewe kabla hatujafika barabara kuu. Fundi aliitazama dashibodi, akaguna, kisha akaniuliza kama ile ya kromu ningeweza kumwachia.

Hata hivyo, kuzimika kwa taa hakuthibitishi kwamba rada imeelekea panapotakiwa. Rada ikikaa upande kwa digrii 1 tu, kwa umbali wa mita 100 mwelekeo wake unakuwa umehama karibu mita 1.75, yaani takriban nusu ya upana wa njia moja ya barabara, na gari linaweza kulipigia kengele lori lililo njia ya jirani huku likilikosa lililo mbele yake. Ndiyo sababu rada inapofunguliwa au kuguswa, watengenezaji hutaka ipimwe upya kwa vibao maalumu vinavyosimamishwa mbele ya gari juu ya sakafu iliyo sawa. Kamera iliyobandikwa nyuma ya kioo cha mbele ina masharti kama hayo. Wenye Subaru zenye mfumo wa EyeSight, unaotumia kamera mbili zinazolinganisha picha, wanapaswa kuwa waangalifu zaidi kioo kinapobadilishwa, na wala wasikubali stika au utepe wa rangi upandishwe hadi mbele ya kamera hizo kwa ajili ya mapambo.

Sitaki nionekane naitetea kompyuta katika kila jambo, kwa maana nayo hukosea, tena vibaya. Mwezi Februari 2022 NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilifungua uchunguzi wa Honda CR-V za 2017 hadi 2019 na Accord za 2018 na 2019, jumla ya magari yapatayo milioni 1.7, baada ya madereva kulalamika kwamba yanajifunga breki ilhali mbele hakuna kitu. Mwaka uliotangulia Tesla ilikuwa imetangaza marekebisho kwa magari 11,704 kwa sababu toleo jipya la programu lilileta tahadhari za uongo za mgongano na breki za ghafla. Chanzo kilikuwa kukatika kwa mawasiliano kati ya chipu mbili za kompyuta. Rada za zamani zina udhaifu mwingine: hazipimi vizuri kimo cha kitu, hivyo bango la chuma lililo juu ya barabara au bamba la chuma kwenye daraja linaweza kuonekana kama gari lililosimama. Kosa la namna hii silifananishi na taa iliyowaka bure, kwa sababu gari linaloshika breki katikati ya barabara kuu likiwa na basi nyuma yake linaweza kuua.

Hapa Dar es Salaam, lakini, nyingi ya kengele ambazo watu huziita za uongo zina msingi. Kompyuta hugawa umbali kwa kasi ya kukaribiana. Bodaboda akikukatia mbele kwa mita 6 huku mkikaribiana kwa mita 5 kwa sekunde, hesabu inatoa sekunde 1.2, na kengele inalia. Wewe unajua kwamba atapenya na kwenda zake, ila kompyuta haikuzoeshwa adabu za Kariakoo. Magari mengi yana sehemu ya kuchagua tahadhari itolewe mapema, wastani au kwa kuchelewa, na ni afadhali kuchagua ya kuchelewa kuliko kuuzima mfumo wote kila asubuhi. Nakiri tumezoea kupuuza mapema mno: tunaendesha miaka nenda rudi huku sauti ya mwanamke wa Kijapani ikitukumbusha kila tuwashapo gari kwamba hatujaingiza kadi ya kulipia barabara za kwao, na sikio likishazoea hilo huona kila mlio ni wa jamii hiyo hiyo.

Taa za dashibodi nazo huwatisha watu kwa wingi wake. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unaposhika breki), ya utelezi na ya kuzuia mgongano zikiwaka kwa pamoja, mteja hudhani ameharibikiwa na vitu vitatu, na fundi asiye mwaminifu hamkatazi kudhani hivyo. Mara nyingi ni sensa moja ya mwendo wa tairi iliyojaa tope au waya wake uliokatika, kwa kuwa mifumo yote mitatu huitegemea taarifa ya kasi ya magurudumu. Betri iliyochoka nayo huweza kuziwasha nyingi kwa mkupuo. Taa ya injini ikiwa imetulia unaweza kuendesha kwa utaratibu hadi kwenye kipimo. Ikiwa inapepesa injini haichomi mafuta sawasawa, na ukiendelea kukanyaga unaweza kuiunguza katalisti, kifaa kinachosafisha moshi wa ekzosi.

Taa ninayoiogopa zaidi ni ya mifuko ya hewa. Gari lililogongwa mifuko ikafunguka hutengenezwa bodi, likapakwa rangi, na badala ya kununua mifuko mipya huwekwa rezista ndogo kwenye waya ili kompyuta iamini kwamba mfuko upo. Wengine hufanya kwa ukatili zaidi, wakaiondoa au kuiziba taa yenyewe. Kwa hiyo unapokagua gari yadini, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa: ile ya mifuko ya hewa lazima iwake kwa sekunde chache, kisha izimike. Isipowaka kabisa, imechezewa. Hila ya rezista hupita mtihani huo, na hapo unahitaji fundi wako mwenyewe achunguze kifuniko cha usukani na dashibodi upande wa abiria kama vimewahi kupasuka na kugundishwa, na aunganishe mashine ya kusoma kumbukumbu ya kompyuta ya mifuko, ambayo huhifadhi alama ya mgongano hata baada ya rangi mpya kukauka. Muuzaji akikukatalia kuunganisha mashine, liache gari hapo hapo yadini.