Bado

Jioni moja ya masika, mwaka 2019, tulikuwa barazani kwa mama, Ngamiani, hapa Tanga. Mpwa wangu alikuwa na miaka 7. Ana mtindio wa ubongo. Anasikia kila neno na utani wote wa nyumba ile anauelewa, ila ulimi haumtii. Juu ya meza ya kiti chake kulikuwa na ubao wa picha na kitufe kikubwa chekundu kinachotunza ujumbe mmoja mfupi. Tulimrekodia mtoto wa jirani, rika lake, akisema, "Pakawa!" Sauti ya mtu mzima isingemfaa.

Kabla ya hapo kusoma kwetu kulikuwa mtihani. Fisi yuko wapi? Huyu nani? Mtoto akageuza uso ukutani, nami nikadhani amechoka. Mtaalamu wa mawasiliano ndiye aliyenikataza. Acha kumhoji, akaniambia. Soma huku kidole chako mwenyewe kikigusa ubao: ukisema fisi anataka zaidi, gusa "taka", gusa "zaidi". Mtoto anayeongea husikia maneno ya watu mwaka mzima kabla hajatamka lake la kwanza. Huyu wetu nani aliwahi kumwonyesha ubao unavyoongewa? Ukimaliza, nyamaza, hesabu moyoni hadi 10.

Kumi ni mbali mno ukiwa unamsubiri mtoto unayempenda.

"Paukwa!" mama akaita.

Mkono ukanyanyuka pajani, ukapotea njia, ukarudi. Mama akataka kuita tena, nikamshika goti. Saba. Nane.

"Pakawa!"

Mama alipiga kigelegele hadi majirani wakachungulia.

Nikaanza kusoma, kidole ubaoni. Tulipofika pale fisi anapokokota mfupa, nikashika ukurasa nigeuze. Mkono wake ukaja taratibu, ukatua kwenye picha ya "bado". Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Nikaurudisha ukurasa, nikanyamaza, nikapita hata hiyo 10. Akagusa "lala".

Nani kalala? Nikainamia picha. Nyuma kabisa, chini ya mbuyu, kitoto cha fisi kilikuwa kimejikunyata usingizini. Kitabu kile nilikuwa nimemsomea miezi kadhaa, na sikuwahi kukiona.

"Haya mume wangu," mama akamwambia kwa kunong'ona, "tusome polepole, tusimwamshe."