Ugwe wa nailoni uliokuwa ukijipinda

Ugwe wa kusokota kwa mkono, ule unaounganisha mshipi mnene na ndoana ya manyoya, ulikuwa ukijikunja kila ukilegezwa. Chanzo ni mguu mmoja, yaani moja ya mafungu mawili ya nyuzi yanayosokotwa pamoja, kuwa na mizunguko mingi kuliko mwenzake. Nilichukua nailoni ya milimita 0.15, nyuzi tatu kila mguu, nikaning'iniza kila mguu na kipande cha risasi cha uzito uleule. Nikasokota yote miwili kulia, mizunguko sawasawa, kisha nikaifunga pamoja ncha ya chini na kuiachia ijizungushe yenyewe kushoto. Usiisaidie kwa vidole. Hapo ndipo inapoharibika. Ili ugwe uchongoke, nilipunguza uzi mmoja kila mguu kwa hatua, jumla ya nyuzi za miguu yote miwili ikawa sita, nne, mbili. Kabla ya kukaza fundo la mwisho, ulowanishe, uuvute taratibu, uuache umalize kuzunguka.